Vidole vya Bibi, Julai 2015

Kila mwaka mafuta ya nazi yakianza kuganda kwenye chupa mi namkumbuka bibi na kile kipupwe cha 2015. Wa mikoani wanatucheka eti Dar hakuna baridi, sawa, lakini mtu aliyezoea kulala bila shuka mwaka mzima ukimletea usiku wa nyuzi 19 na upepo wa kusi unapenya dirishani lazima atatafuta blanketi. Kwetu kipimo kilikuwa ile chupa. Miezi yote ni maji tu, ikifika Julai asubuhi unaikuta imekuwa nyeupe kama samli, mpaka uisogeze karibu na jiko ndo yanaanza kutoka taratibu.

Tulikuwa Tandika, nyumba ya vyumba sita, mimi na bibi na mjomba tuna viwili vya mbele, vingine wapangaji. Bibi alikuwa anapika vitumbua. Mchele analoweka mchana, jioni tunasaga, anatia tui na iliki na hamira, anafunika na kanga ya zamani, na kipupwe alikuwa anaongeza na sweta juu ya ile ndoo maana baridi hamira inakuwa nzito kuumua. Saa kumi alfajiri anaamka. Saa kumi na moja chuma kiko motoni, kile chenye vishimo saba, na ukisikia ile chwaa ya mafuta na harufu ya iliki imeingia mpaka chumbani ujue kumekaribia kukucha. Kimoja shilingi mia. Na kipupwe ndo ulikuwa msimu wake hasa, kwenye ile baridi ya asubuhi makonda, bodaboda, watoto wa shule, wamama wanaowahi sokoni, wote wanataka kitu cha moto, saa mbili haijafika beseni jeupe.

Sasa bibi alikuwa na kijiti cha kugeuzia, lakini kitumbua kikigoma pembeni alikuwa anakibandua kwa vidole. Miaka thelathini na kitu anafanya hivo. Ncha za vidole vyake zilikuwa zinang'aa, laini kama mgongo wa kijiko, ukivishika huhisi mstari wowote. Nilikuwa naviona kila siku na wala sikuwahi kuwaza kitu.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, Oktoba 25, rais na mbunge na diwani siku moja. Barazani kwetu stori ilikuwa ya rais tu, Magufuli keshapitishwa na CCM kugombea, Dodoma tarehe 12 Julai, watu wanabishana mpaka usiku huku wamejifunika mashuka. Bibi hakuwa na habari na huko. Yeye alikuwa anamtaka diwani. Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na mtaro ambao mvua za masika zikishuka unafurika, maji machafu yanapanda mpaka kizingitini, mwaka ule yaliingia yakalowesha kiroba kizima cha mchele. Kipupwe mtaro unakauka, watu wanausahau, watoto wanachezea humo gololi. Bibi hakusahau. Alikuwa anasema, "Rais ana nchi nzima, hawezi kuja kuzibua mtaro wangu. Mi namtaka wa hapa hapa, ninayeweza kwenda kumgongea mlango."

Kazi ikawa kujiandikisha. Disemba 2014 kwenye serikali za mitaa ilikuwa rahisi, wanakuandika jina kwenye orodha ya mtaa, siku ikifika unapiga kura, basi. Lakini hili daftari la uchaguzi mkuu lilikuja na BVR, mashine inachukua picha, saini na alama za vidole, na hata mwenye kadi ya zamani lazima aandikishwe upya. Ya bibi aliifunga kwenye mfuko wa nailoni akaitia ndani ya foronya, akawa anailalia.

Dar walianza Julai 22. Sisi tulienda tarehe 24, Ijumaa. Idi ilikuwa imepita siku chache, bibi anafunga zile sita za Shawali, kwahiyo alikula daku, akamalizia vitumbua vyake haraka haraka, tukatoka bado giza, yeye kajitanda kanga mbili na mimi sweta la mjomba. Kufika pale shuleni tukakuta mawe. Watu walishapanga mawe usiku kushika foleni, kila jiwe na mwenyewe, na kuna kijana ana daftari anaandika majina. Tukakaa chini ukutani, bibi kanikumbatia mgongoni, nasikia anavyotetemeka, namwambia bibi nenda nyumbani ntakuja kukuita, hataki. "Mke mwenzangu, mimi nikiondoka hapa jiwe langu nani atalijua?"

Zamu yetu ilifika karibu adhuhuri. Mi nilianza, nilikuwa na miaka kumi na tisa, mara yangu ya kwanza, nikaweka vidole, picha, saini, kadi ikatoka pale pale. Bibi akakaa kwenye kiti. Yule kijana wa mashine alimwamkia vizuri, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, akamwomba aweke mkono. Hakuna kitu. Futa bibi, weka tena. Hakuna. Kandamiza kidogo. Akamshika mwenyewe kidole kimoja kimoja anakandamiza kwa upole kabisa, na kwenye ile kompyuta vinatokea vidoa tu, kama mtu kadondosha chai kwenye karatasi. Foleni nyuma inaanza kunung'unika. Kijana akainua kile kiganja akakiangalia karibu, akauliza, "Bibi unafanya kazi gani?" Bibi akamwambia vitumbua. Akatikisa kichwa, akasema ngozi imeisha na hii baridi imeikausha zaidi, nenda kapumzishe mikono, ipake mafuta, rudi siku zinazokuja.

Njia nzima hakuongea. Kufika nyumbani akakaa kwenye mkeka akanyoosha mikono juu ya mapaja akawa anaiangalia, halafu akasema taratibu sana, "Kumbe sina alama."

Mi lile neno liliniuma, mpaka leo linaniuma.

Jumatatu akarudi, ikawa vile vile, japo dole gumba la kushoto lilionekana kidogo. Ndo jioni ile akatangaza anazima jiko. Mjomba alikuja juu, kwanini, mama, huu ndo msimu, wiki moja hii tunapata hela ya mwezi mzima wa joto, unaacha riziki kwa ajili ya kadi? Na hakuwa amekosea, kodi za wapangaji zilikuwa zinaishia kwenye umeme na maji, mchele wa ndani ni wa vitumbua. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Nimewalea kwa hivi vidole nyie wote. Nipeni siku chache viwe vyangu."

Kesho yake ilikuwa tarehe 28, ile siku Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alipotoka CCM akajiunga na Chadema, mtaa mzima redio ziko juu, mjomba hata chakula hakukikumbuka. Mi ninachokumbuka ni wateja wanavyokuja asubuhi kwenye baridi wamejikunja, wanakuta jiko la baridi, wanauliza bibi anaumwa? Ule ukimya wa alfajiri bila chwaa ya chuma sikuuzoea.

Usiku kazi ikawa mikono. Mama mmoja mpangaji wa chumba cha mwisho, Mkinga wa Makete, huko kwao ndo kuna baridi ya kweli, alitufundisha: maji ya uvuguvugu kwanza, mikono ikae humo mpaka ilainike, halafu kausha, halafu mafuta mengi, halafu vaa soksi mikononi ulale nazo. Basi kila baada ya isha nakoka mkaa kidogo, naweka beseni, naweka na ile chupa pembeni mafuta yayeyuke. Bibi ananipa mkono mmoja mmoja. Namsugua kidole kwa kidole, ana kovu pale kwenye shahada, kucha ya dole gumba imepasuka katikati, viganja vinanuka nazi na moshi hata baada ya kuoga, huku ananihadithia kwao Rufiji, alivyokuja Dar na mtoto mgongoni. Nadhani sijawahi kukaa na bibi karibu kama zile siku.

Siku ya pili tu nikaona hela ya mboga imekata. Nikamwambia bibi niache nipike mimi. Alikataa, baadaye akakubali, akakaa kwenye kigoda na soksi zake mikononi ananiongoza kwa mdomo, sasa geuza, bado, sasa. Vilivyogoma pembeni nikavibandua kwa vidole kama yeye, nikaungua, nikatia mdomoni. Akaniuliza, "Wewe kadi ushapata?" Nikasema ndiyo bibi. "Haya, endelea."

Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Julai 31, nikajua basi tena, watu walikuwa bado wengi mno. Wakaongeza siku mpaka Agosti 4. Bibi aliposikia redioni alisema alhamdulillah, akavua soksi akaangalia mikono, akazivaa tena.

Tulienda Jumatatu, tarehe 3. Aliosha mikono kwa sabuni ili mafuta yasiharibu, akaikausha kwa leso mpya. Kijana yule yule. Shikamoo bibi, umerudi? Nimerudi mwanangu. Akaweka mkono wa kushoto, vikatokea vitatu, mistari kabisa, membamba membamba. Mkono wa kulia ukagoma, akasubiri, akaupulizia pumzi ya moto mara mbili tatu kama anachochea mkaa, akaweka tena. Sikuwa napumua. Kijana akasema tayari bibi, inatosha, angalia huku nikupige picha.

Kadi ilitoka bado ina uvuguvugu. Bibi aliishika kwa pembe zote mbili, asiiguse katikati, akaitazama sura yake muda mrefu, foleni imetulia safari hii hakuna aliyenung'unika. Akaifunga kwenye ncha ya kanga. Tulipofika pale kwenye mtaro akauruka, jua limetoka kidogo baridi imepungua, akanigeukia akauliza, "Mchele umeloweka?"