Siku yangu moja na waya wa kuzibulia

Saa 1 asubuhi simu inaita, mkate wa kumimina bado mkononi. Mimi ni fundi wa kuzibua mabomba hapa Unguja, na anayepiga ni bi mkubwa mmoja wa Fuoni. "Mwanangu, maji ya jikoni hayendi. Karo limejaa tena, nimwite wa gari?"

Nikamwomba asimwite mtu mpaka nifike. Wiki tatu nyuma alishalipa gari la majitaka likanyonya karo, yaani shimo linalopokea maji machafu ya nyumba. Na hili la "karo limejaa" watu wanalitisha bure: karo lisilo na ubovu huwa limejaa siku zote, maji yamesimama usawa wa bomba la kutokea. La kuuliza ni kama yamepita hapo.

Saa 2 na nusu nimefika kwa vespa, waya begani.

"Shikamoo bi mkubwa. Chooni na bafuni maji yanakwenda?"

"Marahaba. Huko yanakwenda vizuri tu, baba."

Hapo nusu ya kazi imeshakwisha. Karo likigoma, maji hurudi kwanza pale pa chini kabisa, yaani tundu la sakafu ya bafu. Sinki likigoma peke yake, ubaya umo kwenye bomba lake. Nikatoka nje kufunua chemba ya jikoni, kile kishimo chenye mfuniko ambamo bomba hupita kwenda karoni. Kavu, mende wawili tu wanakimbia mwanga. Basi kilichoziba kiko baina ya sinki na hapa.

Nikaweka ndoo, nikafungua bomba la kona lililo chini ya sinki: kijiko cha chai na punje za wali, hakuna zaidi. Nikarudi chembani nikasukuma waya kutokea huko, maana ukisukuma kutoka juu mara nyingi unaushindilia uchafu. Kiasi cha mita 2 ukagota. Si ugumu wa jiwe, ni kama umechoma ugali uliolala. Nikazungusha, nikavuta, kikatoka kipande cheupe mfano wa sabuni ya mche. Nikakivunja kwa bisibisi, ndani nyuzinyuzi: chicha.

Nazi haina kosa. Tui likichujwa, chicha kidogo hupenya, na peke yake lingekwenda na maji. Lakini sufuria ya sambusa ikioshwa, mafuta nayo yanashuka, na maji yetu ya visima yana chokaa. Mafuta na chokaa vikikaa pamoja bombani vinashikana vigumu, chicha linakuwa kokoto humo ndani. Gari lingenyonya karo mara kumi, kipande kile kingebaki palepale.

Bi mkubwa akanionesha kopo la dawa ya unga aliyouziwa dukani. Nikamwambia aliweke mbali. Inachemka ikikutana na maji, inaunguza, na ikifika kwa wingi karoni inaua vijidudu vinavyokula uchafu. Isipozibua, fundi anayekuja baadaye ndiye anayerukiwa nayo usoni. Mimi kovu la mkono ninalo.

Saa 6 nikaenda kukoga na kubadilisha nguo, nikawahi adhuhuri.

Saa 9 Mwanakwerekwe, na mvua ya masika imenyesha usiku kucha. Hapa kila tundu linaguguma: choo, bafu, sinki. Chemba zote zimejaa, na karoni maji yamelipita bomba la kutokea. Gari lilinyonya juzi, jana likajaa. Ardhi imeshiba, shimo la kufyonzea halina pa kupeleka maji. Ya ardhini ndiyo yanayorudi ndani.

Kijana wa nyumba akavua viatu, anataka kushuka aangalie. Nilimpigia kelele mpaka majirani wakatoka. Hewa ya karo inaangusha mtu kabla hajaita mama yake, na anayemfuata kumwokoa anaanguka naye.

Nikazunguka nyumba. Nyuma nikakuta gata ya bati, mfereji wa maji ya paa, imeunganishwa kwa bomba la inchi 4, moja kwa moja chembani. Paa zima linamwagia karo! Mzee mwenye nyumba akasema fundi wa mwanzo alimwambia inasafisha. Nikalikata, nikaelekeza maji kwenye mtaro, nikawaomba wapunguze kufua mpaka mvua ikatike. Hawakufurahi, walitaka kuona kitu kikichimbwa.

Saa 1 usiku nasugua mikono kwa ndimu, simu ikaita. Bi mkubwa wa Fuoni.

"Mwanangu, ile dawa ya unga niimwage wapi?"

"Usiimwage popote. Kesho napita kuichukua."