Bustani ya mwisho wa kipupwe, Lubumbashi

Watu wa nyumbani wakisikia ninaishi Kongo huniuliza habari za misitu, mvua na madini. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina sweta. Ninazo, pamoja na blanketi zito na koti la mtumba nililolinunua soko la Kenya mwaka niliofika. (Kenya ni mtaa wa hapa Lubumbashi, tena mkubwa. Nilipompigia mama simu nikamwambia nimetoka Kenya kununua koti, aliniuliza nimevukaje mpaka.) Mji huu uko kusini kabisa mwa nchi, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Watu wa Makete na Lushoto mtanicheka, na haki mnayo. Mimi ni mtoto wa Pangani, nimekua nikilala dirisha wazi.

Sasa ni katikati ya Agosti na kipupwe kinaaga. Alfajiri vidole bado vinakufa ganzi kwenye mpini wa jembe, lakini ikigonga saa nne jua linachoma kisogo. Miembe imeshatoa maua. Huko nje ya mji miti ya miombo imeanza kuchipua majani mekundu, na hakuna mvua ya maana iliyonyesha tangu Aprili. Miti hiyo haisubiri mvua, inaitangulia. Jakaranda za mjini zitafuata. Kwa mwenye bustani ya mboga hizi ndizo wiki za kukata shauri, na Watanzania wenzangu wanaofika huku na biashara zao kisha wakapata hamu ya kulima huwa hawazielewi. Wanaona ukame, wanaona watu wameinama mabondeni na keni za kumwagilia, wanauliza: mbona mnalima wakati ambao si wa kulima?

Sisi wa pwani tunahesabu masika na vuli. Huku mvua ni moja. Inashika Novemba hadi Machi, Oktoba na Aprili zikiwa za kubahatisha, na kwa mwaka hupatikana milimita 1,200 hivi, karibu zote ndani ya miezi hiyo. Wakati huo ardhi ni ya mahindi, na nyanya za mtu asiye na dawa zinaliwa na ukungu kabla hazijaiva. Mei mvua inakatika. Kuanzia hapo mboga inatoka penye maji tu: kandokando ya vijito, mabondeni, kwenye visima vya kuchimba kwa mkono. Na kwa kuwa ni baridi na kukavu, kabichi, karoti, vitunguu na saladi zinastawi kwa namna ambayo Pangani sijaiona hata siku moja. Kabichi ya Julai hapa ukiipiga kofi inaitika.

Lakini kabla ya mbegu, mbolea na maji, kuna swali moja ambalo mgeni hulisahau, nalo ndilo ningemwuliza mtu yeyote anayetaka kukukodisha matuta katika mji huu: moshi ulikuwa unaelekea wapi?

Mnaijua kusi, upepo uliokuwa ukiwapeleka majahazi kaskazini. Huku bara nako kipupwe chote upepo unatoka kusini-mashariki. Mwaka 1911 kampuni ya Union Minière ilianza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi, na bomba lile refu la moshi, pamoja na kilima cheusi cha masalia ya tanuri kilicho ubavuni mwake, ndivyo watu wanavyovichora wakitaka kuuchora mji huu. Kwa miongo mingi moshi ulisukumwa upande mmoja, kaskazini-magharibi, na kilichokuwemo kikatua ardhini: shaba, zinki, risasi, kadimi, aseniki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji wameipima ardhi hiyo kwa miaka mingi. Hata bila vipimo utaona mwenyewe ukipita: miti imetoweka, majani ni ya kuokoteza, na sehemu nyingine udongo uko uchi kabisa.

Watu wanalima karibu na hapo vilevile. Siwalaumu, maana mtu analima penye maji na karibu na soko. Ila mboga ya majani ndiyo inayovuta kadimi kwa wingi, kuliko nyanya au mahindi, na iliyopanda kupitia mizizi haioshwi. Maji ya bomba na chumvi yanaondoa vumbi la juu, basi. Ukiweka chokaa na samadi nyingi unapunguza kiasi mmea unachofyonza, kwa kuwa asidi ya udongo inashuka, lakini madini yenyewe yanabaki palepale, yanakungoja mwaka ujao. Kuna hata ua dogo linalopenda ardhi ya namna hii, wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, na wachimbaji wa zamani walikuwa wakilifuata wakitafuta shaba. Ukiona shamba linapendeza kwa maua ya zambarau na hakuna kingine kinachoota, rudisha pesa mfukoni.

Matuta yangu yako upande wa kusini-mashariki mwa mji, unakotokea upepo, kwenye bonde ambalo maji yake hayajapita kiwandani. Ni mbali. Nauli inauma. Mwenye shamba ni mama mmoja mjane, tunaelewana vizuri, na kodi ananitoza kwa tuta wala si kwa eneo, kwa hiyo kila mpangaji hapa ana matuta marefu ajabu.

Udongo wenyewe ni ule mwekundu wa Katanga, wenye asidi, uliochoshwa na mvua. Ukiutegemea peke yake utavuna majani ya njano. Neema ya hapa ni vichuguu. Msije mkafikiria vichuguu vya kwetu vya kufika magotini. Hivi ni vilima vya mita kadhaa kwenda juu, vingine vimeota miti mikubwa kileleni, na mtu anaweza kujenga nyumba nzima kwa matofali ya kimoja. Mchwa wamepandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini kwa vizazi na vizazi, una kalisi nyingi na hauna ile asidi. Unausaga, unautandaza kwenye tuta, unachanganya na mbolea ya kuku iliyooza vizuri, unageuza. Jirani yangu wa matuta, mzee aliyestaafu kazi ya reli, ndiye aliyenielekeza. "Ile udongo ya kichuguu iko muzuri, mama, inashika maji," aliniambia, "lakini usiweke mingi, itakuwa tofali." Namwita papa, kama wanavyomwita wote pale bondeni, yeye ananiita Mama Tanzania.

Bondeni baridi huteremka usiku na kulala. Mtu mwenye nyumba mlimani anaamka akisema hakukuwa na baridi, wakati chini kwenye matuta miche imeungua ncha. Kwa hiyo kitalu nakifunika kila jioni kwa nyasi kavu zilizolazwa juu ya fito, na asubuhi sizifunui mpaka jua liguse tuta lenyewe. Chini yake kuna joto kidogo ambalo unalisikia ukiingiza mkono, na harufu ya udongo mbichi. Miche ya kabichi inakuwa imesimama wima, tone moja la maji kwenye kila jani. Ile ya pembeni, ambayo nyasi zilisogezwa na kuku wa mwenye shamba, inakuwa na rangi ya zambarau. Haifi. Inanuna kwa wiki nzima, kisha inaendelea.

Lengalenga, yaani mchicha, haupendi kabisa msimu huu. Mbegu inakaa ardhini hadi unaisahau, na ukiota unasimama kimo cha kidole. Ngaingai, ile mboga chachu ya majani, nayo ni hivyohivyo. Mtu akikuuzia lengalenga nene mwezi wa Julai mwulize imetoka wapi. Ila mwishoni mwa Agosti usiku ukianza kupata joto, mchicha unaruka, na wiki nne zinatosha kutoka mbegu hadi kapu. Hapo ndipo akina mama wa soko wanapokuja alfajiri, wanalipima tuta kwa macho, mnapatana bei mmea ukiwa bado ardhini, kisha wanang'oa wenyewe. Wengine wanafunga mafungu papo hapo, wanazungumza Kiswahili, Kibemba na Kifaransa katika sentensi moja, na bei wanakutajia kwa franka ila ukichelewa kujibu wanahamia dola. Nimewahi kujiona hodari wa kupatana bei. Nilikuwa sijakutana na hawa.

Vitunguu vyangu vilivyopandikizwa Mei sasa shingo zimeanza kulegea na majani kulala. Hapo maji unayakata. Inauma kuliacha tuta likauke wakati jirani anamwagilia, lakini kitunguu kilichovunwa na maji kinaoza gunia zima kabla ya Septemba kwisha. Kabichi za mwisho zimeingiwa na wadudu mafuta, wale wa kijivu wenye ungaunga, wanajazana katikati penye majani machanga. Baridi kavu ndiyo wanayoipenda. Nawaponda kwa kidole gumba, nanyunyiza maji ya sabuni, na majani yaliyozidiwa nayang'oa. Joto likishika vizuri hawa watapungua, na zamu itakuwa ya viwavi wa nondo wa kabichi, ambao ni wabaya zaidi, kwani wakiingia kwenye kichwa sabuni haiwafikii.

Sasa maji. Kisima changu, kama vya wote pale bondeni, kilichimbwa mvua zilipokwisha, na wakati huo ulikuwa unainama tu na kuchota. Kamba ya ndoo imekuwa ikirefushwa tangu hapo. Katika Juni na Julai kumwagilia mara moja kwa siku kunatosha, tena saa tatu au saa nne asubuhi, umande ukishakauka. Ukimwagilia jioni ya kipupwe unauandalia udongo baridi ya usiku. Kuanzia wiki hizi mambo yanageuka. Upepo unakausha, jua linapanda, tuta linataka maji mara mbili, alfajiri na magharibi, na kisima ndiyo kwanza kinashuka. Mahitaji yanapanda, maji yanateremka, na mvua ya uhakika ni Novemba.

Matandazo yanasaidia sana. Nyasi nilizifyeka mapema, kabla ya mioto. Agosti na Septemba pori lote linaungua huku. Wengine wanasafisha mashamba, wengine wanawinda panya, wengine wanachoma makaa moto ukawatoroka, na jioni mji mzima unanukia moshi wa majani. Ukingoja mpaka sasa kutafuta nyasi utakuta majivu. (Majivu nayo yana kazi, nayakusanya, lakini hayafuniki tuta.)

Kwa hiyo swali ambalo kila mtu bondeni analibishania wiki hii ni moja: upande kabichi awamu nyingine au usipande? Oktoba kabichi huwa adimu na bei inavutia. Miche ninayo kitaluni, imefika kimo cha kupandikizwa. Papa amekwisha kutoa hukumu yake. "Mama Tanzania, baridi inaisha, maji nayo inaisha. Ile shu, acha. Mu Oktobre utaipa maji ya wapi?" Vijana wa matuta ya juu hawamsikilizi, wamepanda tayari, wanasema watanunua pampu. Nimepiga hesabu zangu: kabichi ikipandikizwa leo inataka miezi miwili na nusu au mitatu, maana yake Septemba yote na Oktoba yote, na miezi hiyo ndiyo yenye jua kali kuliko yote ya mwaka, nyuzi 30 na zaidi mchana. Lengalenga inataka wiki nne. Kabeji ya Kichina, ile ya majani marefu isiyofunga kichwa, inataka wiki sita hivi, na unaanza kuchuma kabla. Ukipata hasara kwenye lengalenga umepoteza mwezi mmoja na mbegu za bei poa. Ukipata hasara kwenye kabichi umemwaga maji ya kisima kizima kwa miezi miwili bure.

Nimeamua kuuza miche kwa vijana wa pampu. Matuta ya karibu na kisima nitayatia lengalenga sasa na tena katikati ya Septemba, ya katikati nitaweka kabeji ya Kichina, na yale ya mbali nitayapumzisha na samadi yake yakisubiri mahindi ya Novemba. Kitunguu nikikitoa, sehemu yake naitaka kwa bamia. Gombo, kama wanavyoiita hapa, ipo sokoni, fupi na yenye vijiba, lakini mimi nataka ile ndefu laini ya kwetu, na kufikia hapo usiku hautakuwa tena na baridi ya kuizuia kuota. Mbegu nimeziagiza Tanga kwa dereva anayekuja na lori. Watu nyumbani wanadhani tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 mpaka umefutika. Waulizeni madereva foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ina urefu gani. Papa anasema bamia ni kupoteza maji. Zikifika kabla ya Septemba kwisha nazipanda hatua mbili kutoka kisimani, naye apende asipende, atakula.