Alfajiri ya leo Luang Prabang, Laos

Juzi tulivuka mpaka kutoka Thailand, tukapanda boti pale Huay Xai na kushuka nayo mto Mekong. Usiku tukalala Pakbeng. Jana jioni tukafika, hoi kabisa.

Leo jua halijachomoza, tukatoka kuwaona watawa wa Kibudha wakipokea sadaka.

Wanapita peku, kimya, majoho ya rangi ya machungwa mstari mrefu. Kina mama wamepiga magoti kando ya barabara na vikapu vya wali wa kunata. Wanamega tonge dogo, wanatia kwenye bakuli la kila mtawa.

Mbele kidogo kulikuwa na binti mdogo, naye kapiga magoti, mfuko wake mtupu.

Jamani, watawa wakimfikia wanachota kwenye mabakuli yao wanampa yeye! Wa mwisho, kijana mdogo tu, akampa tonge, akamwongeza biskuti, akapita zake bila kugeuka.

Rafiki yangu alikuwa na kamera mkononi. Hakupiga hata picha moja.

Mimi machozi yalinilenga.

Kesho kutwa tunaelekea Hanoi. Mliowahi kufika, tuambieni tule nini na tulale mtaa gani?