Lars Gullin na saksafoni nzito

Saksafoni ya baritoni ni mzigo. Mrija wake umekunjwa juu ili chombo kiweze kushikika, mpigaji anakining'iniza shingoni kwa mkanda, na noti za chini kabisa unazihisi kifuani. Katika bendi kubwa kazi yake mara nyingi ni kukaa chini ya wenzake na kuwashikilia. Ndiyo maana Lars Gullin, mpigaji wa jazi wa Uswidi, ananishangaza, na wiki hii nzima sijamsikiliza mwingine. Mikononi mwake chombo kile kinakuwa chepesi. Hakivumi wala hakikoromi. Kinaimba.

Alizaliwa mwaka 1928 Gotland, kisiwa cha Uswidi kilicho ndani ya Bahari ya Baltiki. Alianza na kodiani, akapitia klarineti katika bendi ya jeshi, halafu akaenda Stockholm akitamani kuwa mpiga piano wa muziki wa klasiki. Riziki ikamvuta kwenye bendi za dansi, na mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwa katika bendi ya Seymour Österwall, akaishika baritoni. Hakuiacha tena.

Wamarekani waliopita Stockholm walimkuta yuko tayari. Alirekodi na mpiga saksafoni Lee Konitz, na wapiga tarumbeta Clifford Brown na Chet Baker. Mwaka 1954 wahakiki wa DownBeat, jarida la jazi la Marekani, walimchagua kuwa nyota mpya wa baritoni, wakati hata Marekani kwenyewe hajawahi kukanyaga. Hilo linanifurahisha mno. Hakuhitaji kujifanya mtu wa New York. Ukimsikiliza vizuri unasikia nyimbo za vijijini kwao, ule mwendo wa taratibu wenye huzuni isiyolia.

Utunzi wake ninaorudia ni "Danny's Dream" wa mwaka 1955, uliobeba jina la mwanawe. Hakuna piano. Ni gitaa la Rolf Berg, besi ya Georg Riedel, ngoma za Bosse Stoor, na yeye. Melodi inapanda kidogo, inasita, inashuka, na kila inaposhuka natarajia ule uzito wa baritoni utokeze. Hautokezi. Anapuliza kama baba anayeogopa kumwamsha mtoto. Gitaa linamfuata kwa karibu, bila papara, na hakuna anayetaka kuonyesha ufundi.

Kisha kuna heroini. Ilimwandama miaka mingi, ikamharibia afya na kazi, na mwezi Mei 1976 moyo wake ulisimama akiwa na miaka 48. Sipendi anavyosimuliwa mara nyingi, kana kwamba dawa ndizo zilizotunga ule muziki. Dawa zilimwibia muda, basi. Mwaka 1964, akiwa ndani ya matatizo hayo hayo, alitoa "Portrait of My Pals", akiwa ameongeza ala za nyuzi kwenye kundi la jazi, na kwa masikio yangu ni kazi ya mtu aliyekaa chini akafikiri kila sauti iingie wapi. Kazi ya namna hiyo haitoki kwenye sindano. Inatoka kwa mtu aliyewahi kutaka piano ya klasiki na hakuisahau.

Mwanawe mwingine, Peter, naye alishika baritoni. Alifariki mwaka 2003, hata miaka ya baba yake hakuifikisha. Kesho naanza kumsikiliza yeye.