Waliomfariji baba huku wanajua

Shalom wapendwa. Wiki hii nimekwama kwenye mstari mmoja tu, Mwanzo 37:35. Yusufu, kijana wa miaka 17, ametupwa shimoni na kaka zake kisha ameuzwa kule Dothani kwa vipande 20 vya fedha, kanzu yake imechovywa damu ya mbuzi ikapelekwa kwa mzee Yakobo, mzee kararua nguo kavaa gunia, halafu tunaambiwa wanawe wote wakaja kumtuliza. Wanawe wote jamani! Hao hao. Yani wamekaa msibani wanamwambia pole baba, jikaze baba, kula hata kidogo, na wanajua kabisa mtoto hajafia porini.

Tukihubiri habari hii tunakimbilia kwenye shimo, lakini mimi nadhani uzito uko hapa msibani. Shimoni kulikuwa na hasira na wivu, hasira hupoa, ila kunyamaza unakuamua upya kila asubuhi. Piga hesabu mpaka siku mzee alipoambiwa mtoto yuko hai: Yusufu alisimama mbele ya Farao, mfalme wa Misri, ana miaka 30, weka 7 ya shibe na 2 ya njaa, toa 17. Kama miaka 22 hivi wanamwangalia mzee anaomboleza! Reubeni hata hakuwepo wakati wa kuuza, alitaka amrudishe dogo kwa baba, lakini naye akafunga mdomo.

Na cheki walivyokuwa wajanja, hawakusema amekufa. Walipeleka kanzu wakamwambia mzee aitambue, mzee mwenyewe ndo akasema mnyama mkali amemla. (Yeye naye enzi zake alimdanganya baba yake Isaka kwa ngozi za mbuzi, mbuzi wa ukoo huu wametumika sana.) Ndo majibu yetu haya, sikudanganya mimi, sikusema tu. Dada amefia mjini, bibi kijijini anaambiwa bado yuko wodini, miezi inaenda. Kuna mtoto wa nje ukoo mzima unamjua kasoro mama mwenye nyumba. Tunasema presha itampanda, na kweli kuna siku mbili tatu za kutafuta namna ya kumwambia mtu, hapo silaumu, lakini ikishafika mwaka tujiulize anayelindwa ni nani.

Sura ya 45 Yusufu, sasa mtawala kule Misri walikokuja kutafuta chakula, anawaruhusu kaka zake waende kumleta baba, anawaambia msigombane njiani. Mimi hapo hucheka, maana lazima wagombane, nani ataanza kumwambia mzee? Walipomwambia Yusufu yuko hai moyo wake ukazimia, hakuwaamini, mpaka alipoona magari yaliyotumwa kumchukua. Ya kanzu walijieleza vipi, Biblia haisemi.

Halafu sura ya 50. Mzee ameishi Misri miaka 17, amekufa, amezikwa, na kina kaka wanatuma ujumbe kwa Yusufu kwamba baba aliagiza kabla hajafa utusamehe. Hatuoni popote Yakobo akiagiza hivyo, mimi naona hiyo nayo wameitunga. Miaka 17 wanalishwa na Yusufu kule Gosheni, sehemu ya Misri walikokaa, na bado wanamwogopa. Yusufu aliposikia alilia.

Wiki hii tusome Mwanzo 37, kisha 42 hadi 45, na 50:15-21. Mwenye jambo la kumwambia mzazi au mwenza na hajui aanzie wapi, aje Jumatano kwenye maombi, si lazima ulitaje mbele za watu, tutaomba nawe pembeni.