Nilivyoendesha mjadala wa tabianchi redioni bila kugawa ukweli nusu kwa nusu

Nilipokabidhiwa kipindi cha mjadala redioni, utaratibu wake ulikuwa umekwisha kuzoeleka: kila mada huletewa wageni wawili wanaopingana, kila mmoja hupewa dakika sawa na mwenzake, na mtangazaji hukaa katikati kama mwamuzi wa mchezo. Utaratibu huo unafaa pale swali linapohusu sera au matumizi ya fedha za umma. Katika suala la mabadiliko ya tabianchi niliona unamwacha msikilizaji na picha isiyo ya kweli, kwa kuwa alipozima redio aliamini kwamba wanasayansi wamegawanyika makundi mawili yaliyo sawa, ilhali sivyo.

Tatizo hili lilikwisha kuchunguzwa. Mwaka 2004, Maxwell Boykoff na Jules Boykoff walichapisha utafiti kuhusu magazeti makubwa ya Marekani ya kuanzia 1988 hadi 2002, na wakakuta kwamba zaidi kidogo ya nusu ya habari walizozipitia zilitoa uzito sawa kwa hoja kwamba binadamu anachangia ongezeko la joto na kwa hoja kwamba ongezeko hilo ni la asili tu. Waandishi wa habari hizo walikuwa wakifuata kanuni ya kutopendelea upande, ambayo ni kanuni njema, lakini waliitumia mahali ambapo vipimo vilikuwa vimekwisha kuzungumza.

Hatua iliyonisaidia kuliko zote ilikuwa kuyatenga maswali kabla ya kualika mgeni yeyote. Kila swali nililiuliza kwanza: je, hili hujibiwa kwa kupima, au hujibiwa kwa kuchagua? Kama hewa ya ukaa inaongezeka angani ni jambo la kupima. Charles David Keeling alianza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ikiwa takriban sehemu 315 katika kila milioni ya hewa, na sasa imevuka 420. Kwamba ongezeko hilo linatokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi nalo limepimwa, kwa kuwa kaboni iliyokaa ardhini mamilioni ya miaka haina tena kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi inayotoweka kadiri miaka inavyopita, na upungufu huo huonekana katika hewa tunayoivuta. Mambo ya namna hii niliyapa nafasi ya maelezo mwanzoni mwa kipindi, yakitolewa na mtaalamu mmoja, bila mpinzani wa kukaa mbele yake.

Mjadala wenyewe niliuhamishia kwenye maswali ya kuchagua: nani alipe gharama, mitambo ya makaa ya mawe ifungwe kwa kasi gani, wafanyakazi wake waende wapi, nishati ya nyuklia ikubalike au ikataliwe, nchi zilizochafua mapema zidaiwe nini. Hapo niliwaalika watu watatu au wanne waliotofautiana kwa dhati, na kipindi kikawa na ubishi mkali zaidi kuliko zamani. Mhariri wangu, aliyehofu kwamba tutaonekana tumefunga midomo ya watu, alitulia aliposikia wanaharakati wa mazingira wenyewe wakipingana hewani kuhusu nyuklia.

Lugha ya wanasayansi ilihitaji kazi kubwa zaidi. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa mwaka 1988, hutumia maneno ya uwezekano yenye vipimo: likisema jambo fulani “lina uwezekano mkubwa sana”, linamaanisha kuanzia asilimia 90 kwenda juu. Msikilizaji wa kawaida husikia neno “uwezekano” akadhani mtaalamu anababaika. Nikawaomba wageni waanze na lililo thabiti, kisha ndipo waeleze lisilojulikana vizuri na kwa kiasi gani. Ripoti ya jopo hilo ya mwaka 2021 ilisema kwamba binadamu ameipasha joto anga, bahari na nchi kavu, na kwamba hilo halina shaka. Sentensi hiyo ilistahili kutangulia. Makadirio ya kasi ya ongezeko yalifuata baadaye, pamoja na ufafanuzi kwamba kutokuwa na hakika kunaelekea pande zote mbili: hali inaweza kuwa nafuu kuliko kadirio la kati, na inaweza vilevile kuwa mbaya zaidi.

Kila mgeni nilimwuliza hewani, bila kubagua, nani anagharimia kazi yake. Swali hili si la dharau. Waraka wa ndani wa kampuni moja ya tumbaku wa mwaka 1969 ulisema waziwazi kwamba bidhaa yao ni shaka, na msikilizaji ana haki ya kujua shaka anayoletewa inatoka wapi. Niliwauliza pia watu wa mashirika ya mazingira, kwa sababu nao wana wafadhili.

Simu za wasikilizaji sikuzikata. Aliyesema tabianchi imekuwa ikibadilika tangu zamani nilimkubalia, maana ni kweli, kisha nikamwomba mtaalamu aeleze kinachoibadilisha safari hii. Jibu lililoeleweka zaidi lilihusu jua: kama jua ndilo lingekuwa chanzo, stratosfia, yaani tabaka la hewa lililo juu ya hewa tunayoishi ndani yake, ingepata joto pamoja na hewa ya chini, lakini stratosfia imepoa huku hewa ya chini ikipata joto. Nilijifunza pia kuanza na ukweli, kuutaja uzushi mara moja tu, na kurudi kwenye ukweli, kwa kuwa uzushi unaorudiwa, hata na anayeukanusha, huzoeleka masikioni.

Habari za kutisha peke yake ziliwachosha watu, nami naamini walikuwa na haki ya kuchoka. Nikaleta historia ya tabaka la ozoni, linalotukinga na miale mikali ya jua: onyo la wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland mwaka 1974 kwamba kemikali fulani za viwandani zinaweza kuliharibu, upinzani wa watengenezaji wa kemikali, ugunduzi wa upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika uliotangazwa mwaka 1985, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, mkataba wa kuziondoa kemikali hizo, ambao nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeuridhia. Baada ya kipindi hicho, maswali yalihama kutoka “je, ni kweli?” hadi “sisi tuanzie wapi?”

Kazi iliyobaki ni vipande vifupi vinavyokatwa kutoka kwenye kipindi na kusambazwa mitandaoni. Sasa tunavikata wenyewe mapema, tukihakikisha kila dai linabaki na ushahidi wake ndani ya kipande kilekile, na mtaalamu hukisikiliza kabla hakijatoka.