Tulivyogawana vyombo vya marehemu mama bila kuuza hata kimoja

Fedha hazisumbui kugawa. Mama hakuacha mume wala wazazi. Alituacha sisi watoto wake watatu, mwanamume mmoja na wanawake wawili, na sheria ya mirathi ya Kiislamu kwa hali hiyo haina utata: mali yote inakuwa mafungu manne, mawili ya kaka, moja langu, moja la mdogo wangu. Tulilipa gharama za mazishi, tukalipa alichokuwa anadaiwa dukani na kwenye kikoba, kilichobaki benki tukakigawa siku ile ile.

Shida ikabaki kwenye vitu vitatu. Sanduku la njumu, yaani la mbao lililopambwa kwa shaba, alilorithi kwa bibi, lile lenye saraka za chini na kificho ambacho hadi leo mgeni hakioni. Cherehani chake cha kukanyaga kwa miguu. Na friza aliyokuwa akigandishia barafu za kuuza. Robo ya cherehani haishoni nguo, na mimi ndiye niliyekuwa nimeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, kwa hiyo macho yote yalikuwa kwangu.

Mjomba alishauri tuuze vyote tugawane pesa. Ni njia halali na ni rahisi, lakini ukimwita mnunuzi wa vitu vya kale pale Tanga atalipangia sanduku bei ya mbao na shaba, wala hatahesabu kwamba kaka alijifunza kusoma msahafu akiwa ameegemea sanduku lile. Mama mdogo alitaka tupige kura. Kura haina upendeleo, hilo ni kweli, ila ingeweza kumpa kaka cherehani, na mdogo wangu, ambaye ni fundi wa nguo kule Pangani, akaondoka na sanduku asilo na pa kuliweka. Kuchagua kwa zamu nako kulikwama hapo hapo, maana wa kwanza kuchagua angebeba kitu kikubwa na wenzake wasingekuwa na namna ya kumfikia.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na njia niliyoipendekeza niliikuta kazini. Aliyeibuni ni Bronisław Knaster, mwanahisabati wa Poland, na mwenzake Hugo Steinhaus akaieleza katika makala ya mwaka 1948. Kila mrithi anaandika kwa siri bei ambayo kitu kina thamani kwake yeye, si bei ya sokoni. Bahasha zinafunguliwa pamoja. Aliyeandika bei kubwa anachukua kitu, kisha tofauti inasawazishwa kwa fedha.

Tulikaa sebuleni, mama mdogo akashika bahasha. Zilipofunguliwa, kaka alikuwa ameandika sanduku 1,200,000, cherehani 200,000, friza 300,000. Mimi: sanduku 900,000, cherehani 400,000, friza 500,000. Mdogo wangu: sanduku 600,000, cherehani 600,000, friza 400,000. Kwa hiyo sanduku likaenda kwa kaka, friza kwangu, cherehani kwa mdogo wangu. Hakuna aliyeshangaa.

Hesabu yenyewe ndiyo iliyotuliza watu. Kwa bei za kaka mwenyewe mali yote ni 1,700,000, na nusu yake ni 850,000. Amepata kitu cha 1,200,000, basi amezidisha 350,000, anaziweka mezani. Kwa bei zangu jumla ni 1,800,000, robo ni 450,000, nimepata cha 500,000, naweka 50,000. Mdogo wangu jumla yake ni 1,600,000, robo ni 400,000, amepata cha 600,000, anaweka 200,000. Mezani kuna 600,000, nazo zinagawanywa kwa mafungu yale yale: kaka 300,000, sisi wawili 150,000 kila mmoja. Ukishatoa na kurudisha, kaka alilipa 50,000, mdogo wangu 50,000, na mimi nikapokea 100,000.

Mdogo wangu aliuliza, "Sasa dada, hapa nani kapunjwa?" Nikamwambia apige mwenyewe. Akapiga kwenye simu mara mbili, akakuta kwa bei zake amebaki na 550,000 wakati haki yake ilikuwa 400,000. Kaka naye amezidi 300,000, mimi 150,000. Ziada hiyo imetokana na kutofautiana kwetu. Kama wote tungeandika bei zilezile, kila mtu angepata haki yake kamili na si zaidi. Kadiri tunavyopenda vitu tofauti, ndivyo kinavyopatikana cha kuongeza. Nyumba nyingi nimeona watu wakilazimishana kukubaliana bei moja kwanza, na ugomvi unaanzia hapo.

Kabla ya bahasha nilikwenda kwa sheikh. Alisema la lazima ni kila mmoja ajue fungu lake kwanza, kisha watu wazima wakiridhiana kwa hiari hakuna ubaya. Akanikumbusha mke wa Abdurrahman bin Auf, sahaba wa Mtume, aliyeridhia kiasi maalumu cha fedha badala ya sehemu yake katika mirathi ya mumewe.

Kanga hatukuzifanyia bahasha. Kaka aliridhia kuchukua marufaa ya msahafu na kutuachia doti zote. Sisi wawili tukachagua kwa zamu, ila si moja mimi moja yeye hadi mwisho, kwa sababu hapo wa kwanza anakuwa mbele kila raundi. Alianza yeye, nikachukua mbili, akachukua mbili, tukaenda hivyo hadi sanduku likawa tupu.

Anayetaka kuijaribu njia ya bahasha aangalie mambo mawili. Ukijua mwenzako ataandika ngapi, unaweza kuandika pungufu kidogo ya yeye, ukavuna fedha bila kukitaka kitu. Ndiyo maana bahasha zifungwe kwelikweli, na asiwepo wa kupita vyumbani kuuliza. La pili ni gumu zaidi: bei anayoandika mtu inafuata mfuko wake. Mdogo wangu angeweza kukipenda cherehani kuliko uhai akaandika 150,000 kwa kuogopa kudaiwa. Tulimaliza hilo mapema kwa kukubaliana kwamba anayetakiwa kulipa anaweza kulipa kidogokidogo, na kweli 50,000 yake ilikuja kwa simu kwa vipande.

Kwa sababu hiyo nyumba ya mama hatujaiingiza kwenye bahasha. Kwa bei ya nyumba, kaka mwenye kazi Dar es Salaam angetushinda kabla hatujashika kalamu. Tumeipangisha, na kodi inagawanywa mafungu manne kila inapoingia.